Televisheni: Seri za kuchekesha za zamani zinarudi, je, kicheko nacho kinarudi?

Roseanne, Frasier, Full House, Will & Grace, Murphy Brown, Night Court, One Day at a Time, Good Times. Seri hizi zote za kuchekesha zilipendwa sana Marekani kati ya miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 2000. Ziliisha, watu wakaziaga. Lakini tangu mwaka 2016, moja baada ya nyingine, zimerudishwa kwenye televisheni au kwenye intaneti. Zingine zilirudi na wachezaji walewale, sasa wenye mvi. Zingine zilirudi na familia mpya kabisa chini ya jina la zamani. Kuna iliyodumu misimu mitano, na kuna ambayo haikuvuka msimu wa kwanza.

Kila mara moja inaporudi, mabishano yanaanza upya. Waliokua na ile ya kwanza wanasema ya kale ni dhahabu, hakuna wa kuifikia. Makampuni nayo yanajua kwamba jina ambalo watu tayari wanalifahamu ni nusu ya matangazo. Kati ya pande hizo mbili, swali lenyewe linabaki: je, seri iliyotengenezwa upya inaweza kufika pale ya kwanza ilipofika?

Ili kujibu, hatuna haja ya kuzunguka mbali. Inatosha kufuata kazi ya mtu mmoja. Norman Lear alizaliwa tarehe 27 Julai 1922 na kufariki tarehe 5 Desemba 2023, akiwa na miaka 101. Mtayarishaji huyo alichukua seri za Waingereza akazigeuza za Kimarekani. Uzeeni akaona seri zake mwenyewe zikitengenezwa upya: moja ikasifiwa, nyingine ikatukanwa hata kabla ya kuonyeshwa.

Seri kubwa zilizoanza kwa kuazima

Watazamaji wengi wa Marekani hawakujua kwamba seri walizoziita za kwao zilitoka ng'ambo. Mwaka 1965, BBC ilionyesha kwa mara ya kwanza Till Death Us Do Part, iliyoandikwa na Johnny Speight. Alf Garnett, mfanyakazi wa mashariki ya London, alikuwa mzee wa kelele aliyechukia wageni, watu weusi na vijana wenye mawazo mapya. Aligombana kila jioni na mkwe wake waliyeishi naye nyumba moja.

Lear aliposikia habari za seri hiyo, alimfikiria baba yake mwenyewe, aliyezoea kubishana naye namna hiyohiyo. Hakutafsiri maneno ya Waingereza. Alimhamishia mzee huyo Queens, mjini New York, akamwita Archie Bunker, na kumpa mabishano ya Marekani ya siku zile: vita vya Vietnam, ubaguzi wa rangi, haki za wanawake, kazi na pesa. Kituo cha ABC kilikataa mara mbili sehemu ya majaribio. CBS ndiyo iliyokubali, na tarehe 12 Januari 1971 All in the Family ilianza. CBS iliogopa hata ikaweka onyo kwa watazamaji kabla ya sehemu ya kwanza.

Seri hiyo iliongoza kwa idadi ya watazamaji misimu mitano mfululizo. Leo viti ambavyo Archie na mke wake Edith walikalia vinahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, mjini Washington. Ni heshima kubwa kwa kitu kilichoanza kama nakala.

Mwaka uliofuata, Lear na mwenzake Bud Yorkin walirudia kazi hiyo. Walichukua Steptoe and Son, seri ya BBC ya mwaka 1962 iliyoandikwa na Ray Galton na Alan Simpson. Ilikuwa habari ya baba na mwana wanaokusanya vitu chakavu mjini London, mwana akitamani kuondoka na baba akimkwamisha. Kicheko chake kilikuwa karibu sana na machozi. Huko Marekani ikawa Sanford and Son, na nyumba ikahamia Watts, mtaa wa watu weusi wa Los Angeles ambako watu 34 walikufa katika machafuko ya Agosti 1965.

Baba alichezwa na Redd Foxx, mchekeshaji aliyezeeka katika vilabu vya usiku. Sanford lilikuwa jina la ukoo la Foxx mwenyewe, na Fred, jina la yule mzee katika seri, lilikuwa jina la kaka yake. Kwa maneno mengine, mchezaji hakuvaa nguo za mzee wa London. Aliingia na jina lake, lugha ya mtaa wake na utani wa watu wake. Kilichobaki cha Waingereza ni kile kifundo cha katikati: wanaume wawili wanaopendana na kuchoshana, ambao umaskini umewafungia nyumba moja.

Kwa hiyo wanaosema kwamba nakala haiwezi kamwe kufikia ya kwanza wanasahau historia. Baadhi ya seri wanazoziita za kwanza zilikuwa nakala.

Familia mpya katika nyumba ya zamani

Mwaka 1975, Lear alitoa One Day at a Time. Ilibuniwa na Whitney Blake na mume wake Allan Manings, na Blake alikuwa amewahi kulea watoto peke yake. Ann Romano, mama aliyeachana na mume wake, anahamia Indianapolis na mabinti wawili. Leo jambo hilo halishangazi mtu. Wakati ule, mama wa televisheni alikuwa na mume, au alikuwa mjane. Mwanamke aliyetalikiwa, anayetafuta kazi, kulipa kodi ya nyumba na kutafuta heshima yake, lilikuwa jambo geni. Seri iliendelea hadi 1984, sehemu 209.

Tarehe 6 Januari 2017, Netflix ilionyesha One Day at a Time mpya, iliyoandikwa na Gloria Calderón Kellett na Mike Royce. Lear, akiwa na miaka 94, alikuwa mmoja wa watayarishaji. Mama sasa anaitwa Penelope Alvarez, akichezwa na Justina Machado. Ni Mmarekani wa asili ya Cuba anayeishi Los Angeles, muuguzi aliyetumika jeshini Afghanistan. Ana binti na mtoto wa kiume. Mama yake mzazi, Lydia, aliyekimbia Cuba akiwa msichana, anaishi nao nyuma ya pazia sebuleni. Lydia alichezwa na Rita Moreno, aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 1962 juu ya filamu ya West Side Story.

Waandishi hawakuuliza namna ya kurudisha utani wa 1975. Waliuliza: leo, ni mama gani anayebeba nyumba peke yake, na ni nini kinachomwelemea? Jibu lao likawa mwanajeshi wa zamani ambaye mume wake amerudi kutoka vitani akiwa na pombe na ndoto mbaya. Naye mwenyewe anameza dawa za huzuni kwa siri, kwa sababu kwa mama yake jambo hilo ni aibu. Msomaji wa Goma, Bukavu, Beni au Bunia hahitaji kuelezwa namna vita vinavyoweza kuingia ndani ya nyumba na kubaki humo, hata bunduki zinaponyamaza. Wala hahitaji kuelezwa namna familia inavyofanya mzaha ili isilie mbele ya watoto.

Msimu wa kwanza wote unaelekea kwenye sherehe ya binti, Elena, anayetimiza miaka 15, desturi kubwa katika familia zenye asili ya Amerika ya Kilatini. Ukumbi umejaa, muziki unaanza, ni wakati wa binti kucheza na baba yake. Lakini baba hawezi kukubali kwamba binti yake anapenda wasichana, na anaondoka. Elena anabaki peke yake katikati ya ukumbi. Mama anaenda kumshika, kisha nyanya, kisha mdogo wake, kisha watu wengine. Utakavyofikiri juu ya maisha ya Elena ni shauri lako. Lakini mtoto aliyeachwa na mzazi mbele ya wageni, hakuna asiyeelewa maumivu yake. Televisheni ya 1975 haikuweza kuandika sehemu hiyo, ila ina roho ileile ya seri ya kwanza: familia iliyopasuka ikijishonea yenyewe.

Haki ya zamani haikusahauliwa. Schneider, yule msimamizi wa nyumba anayeingia bila kubisha hodi, alibaki. Wimbo wa kufungua ulibaki, ukiimbwa na Gloria Estefan kwa mdundo wa Cuba. Mackenzie Phillips, aliyekuwa binti mkubwa katika seri ya kwanza, alionekana tena, sasa akiongoza kikundi ambamo wanawake waliotoka jeshini wanaelezana shida zao.

Hata hivyo, kufaulu si sawa na kudumu. Mwezi Machi 2019, Netflix iliifunga baada ya misimu mitatu, ikisema watazamaji hawakutosha. Mashabiki walipiga kelele kwenye mitandao hadi kituo cha Pop TV kikaichukua. Msimu wa nne ulianza Machi 2020, ukakatwa na korona, na Novemba mwaka huo seri ikafungwa moja kwa moja. Sehemu 46 kwa jumla, dhidi ya 209 za kwanza. Ukihesabu kwa miaka, ya zamani imeshinda. Ukiangalia sehemu kwa sehemu, watu wengi walioziona zote mbili wanasema mpya haina deni.

Maneno yaleyale, watu wengine

Tarehe 22 Mei 2019, Lear na mtangazaji Jimmy Kimmel walifanya jaribio la namna nyingine kwenye ABC. Walichukua sehemu moja ya All in the Family na moja ya The Jeffersons, wakazicheza tena moja kwa moja hewani, mbele ya watu ukumbini, bila kubadilisha hadithi. Woody Harrelson alikuwa Archie, Marisa Tomei alikuwa Edith, Jamie Foxx alikuwa George Jefferson. Foxx alikosea maneno hewani, akageuza kosa kuwa mzaha, wenzake wakashindwa kujizuia kucheka. Kisha mlango ukafunguliwa akaingia Marla Gibbs, aliyekuwa na miaka 87, katika nafasi yake ya zamani ya Florence, mfanyakazi wa nyumbani. Ukumbi mzima ulisimama.

Watu zaidi ya milioni 10 waliangalia usiku ule, na kipindi kikapata tuzo ya Emmy. Kilichowashangaza wengi si wachezaji, ni maandishi. Mabishano ya rangi, kura na nani ni Mmarekani wa kweli yalikuwa na karibu miaka 50, na bado yalichoma.

Lakini usiku huo ulikuwa kama misa ya kumbukumbu. Unakuja, unafurahi kuona jamaa, unarudi nyumbani. Hakuna aliyeishi humo. Archie wa 1971 alitisha kwa sababu hakuna aliyejua atasema nini. Archie wa 2019 alikuwa anajulikana tayari, na watu walicheka pia kwa kuwa walikumbuka.

Jina linapobaki peke yake

Good Times ilianza mwaka 1974, ikibuniwa na waandishi wawili weusi, Eric Monte na Mike Evans. Ilionyesha familia ya watu weusi katika nyumba za serikali za Chicago. Esther Rolle, aliyecheza mama, alikubali kazi hiyo kwa sharti moja: familia iwe na baba. Alikataa picha ya familia nyeusi isiyo na mwanaume. John Amos akawa baba huyo, mkali, mwenye kutafuta kazi kila asubuhi.

Kisha mtoto mkubwa, J.J., na mizaha yake ya kurukaruka, akapendwa kuliko wote, na waandishi wakamfuata yeye. Amos na Rolle walilalamika waziwazi kwamba kijana huyo anageuzwa kuwa mpumbavu wa kuchekwa. Amos aliondolewa baada ya msimu wa tatu, na katika hadithi baba akafa kwa ajali ya gari. Rolle naye aliondoka kwa muda, kisha akarudi.

Tarehe 12 Aprili 2024, miezi michache baada ya kifo cha Lear, Netflix ilitoa Good Times mpya, ya katuni, ambayo Lear alikuwa mmoja wa watayarishaji wake. Familia ni ya kizazi cha baadaye cha ukoo uleule, katika nyumba zilezile. Humo kuna mtoto mchanga anayeuza dawa za kulevya. Hasira ilianza tangu tangazo la kwanza. Watazamaji weusi wengi waliuliza: baba aliyetafuta kazi kwa heshima yuko wapi, mama aliyeshika nyumba yuko wapi? Lilikuwa lalamiko la Rolle na Amos, limerudi karibu miaka 50 baadaye na nguvu zaidi.

Tofauti na One Day at a Time ni wazi, ingawa jina la Lear liko juu ya zote mbili. Seri moja ilitupa karibu kila kitu cha nje ikashika swali. Nyingine ilishika jina, anwani na umaskini, ikaacha ile heshima iliyofanya watu wa 1974 wajione wenyewe kwenye televisheni kwa mara ya kwanza.

Hata sura zilezile hazitoshi

Kuna wanaofikiri dawa ni kuwarudisha wachezaji wa kwanza. Frasier, iliyoonyeshwa kutoka 1993 hadi 2004 na kupata tuzo 37 za Emmy, ilirudi Oktoba 2023 na Kelsey Grammer mwenyewe. Lakini David Hyde Pierce, aliyekuwa ndugu yake Niles, hakutaka kurudi, na John Mahoney, aliyekuwa baba yao, alikuwa amekufa mwaka 2018. Nguvu ya seri ile ilikuwa watu watatu: wana wawili wenye kujidai na baba polisi anayewashusha chini. Mmoja peke yake ni kama jiko la mafiga matatu ambalo limebaki na figa moja. Sufuria haikukaa. Baada ya misimu miwili, Paramount+ ikaacha.

Roseanne ilionyesha upande mwingine. Iliporudi tarehe 27 Machi 2018, zaidi ya watu milioni 18 waliiangalia. Miezi miwili baadaye, tarehe 29 Mei, ABC iliifunga juu ya ujumbe wa kibaguzi ambao Roseanne Barr aliandika kwenye Twitter. Wengi walidhani ndiyo mwisho. Lakini mwezi Oktoba wachezaji wengine walirudi kwa jina la The Conners. Mama alikuwa amekufa kwa dawa kali za maumivu, janga lililoua watu wengi kweli katika miji kama ule wao, na familia ilibaki ikihangaika na madeni. Waliendelea hadi Aprili 2025, misimu saba. Nyota aliondoka, shida ya familia ya wafanyakazi ikabaki, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikibeba seri.

Na sisi?

Wakongomani wanaujua mtihani huu kupitia muziki. Mwaka 1960, Grand Kallé na African Jazz walitoa Indépendance Cha Cha wakiwa Brussels, wakati wa mazungumzo ya uhuru. Miaka 50 baadaye, Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, aliuchukua wimbo huo na kuupa jina lenye Kiswahili ndani yake, Siku ya baadaye. Hakuimba tena furaha ya 1960 kana kwamba ni jana. Aliuliza kile uhuru ulichotuletea tangu siku ile. Ndiyo maana wimbo wake unasimama kando ya ule wa kwanza bila aibu.

Kwenye televisheni, mfano ulio karibu nasi ni Ma Famille ya Akissi Delta wa Côte d'Ivoire, iliyoonyeshwa kati ya 2002 na 2007 na kupendwa katika nchi nyingi za Afrika zinazosema Kifaransa, na kwetu pia. Wivu, mashemeji, mume asiyetulia, jirani anayejua yote: mtu wa Uvira au Kindu alicheka kana kwamba ni kwake. Baadhi ya wachezaji wamekwisha kufariki, akiwemo Marie-Louise Asseu, mwaka 2016. Delta amerudi na Ma grande famille, na mtihani wake ni uleule wa Lear. Familia ya Kiafrika ya leo ina mambo ambayo ile ya 2002 haikuwa nayo: simu inayofichua siri za mume, mtoto aliye Ulaya anayesubiriwa atume pesa, binti anayepata mshahara kuliko kaka zake. Ikiwa seri inayagusa hayo, ina maisha. Ikiwa inatuonyesha tu sura tulizozipenda, tutaangalia sehemu mbili na kurudi kwenye ile ya zamani, ambayo tayari iko kwenye simu zetu.

Kwa vijana wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wanaorekodi vichekesho kwa simu, na ambao mara nyingi wanaiga michezo ya zamani, historia hii ina faida. Kuiga sauti ya mzee aliyechekesha wazazi wetu ni rahisi, na watu watacheka mara moja. Kazi ni kujua mzee huyo alikuwa anamcheka nani wakati ule, kisha kuuliza ni nani anayestahili kuchekwa leo: chifu, mkwe, mwenye nyumba, au sisi wenyewe.

Basi, ndiyo, seri iliyotengenezwa upya inaweza kuifikia ya kwanza, na mara moja moja kuipita. All in the Family ilifanya hivyo, One Day at a Time ilifika karibu sana. Siku nyingine unaposikia kwamba seri uliyoipenda inarudi, usianze kwa kuuliza kama wachezaji ni walewale. Uliza familia hiyo inagombana juu ya nini safari hii. Kama ni ugomvi ulio nyumbani mwako, au kwa jirani, kaa uangalie.